Mwaka wa Kanisa Uliokuja kwa Miguu

Saa saba mchana, Jumapili ya Matawi, mwanzoni mwa miaka ya 380. Watu wa Yerusalemu wamekula upesi na sasa wanapanda Mlima wa Mizeituni pamoja na askofu wao. Kati yao yumo mwanamke mgeni aitwaye Egeria, aliyetoka pande za mbali za magharibi mwa dola ya Kirumi ili aione kwa macho yake nchi aliyoisoma katika Maandiko. Kila anachokiona anakiandika, maana huko kwao amewaacha wanawake wenzake anaowaita dada zake, nao wanataka kujua. Mlimani watu wanaimba na kusomewa hadi saa tisa. Saa tisa wanasogea mpaka mahali Bwana alipopaa. Saa kumi na moja inasomwa Injili ya watoto waliomlaki Bwana kwa matawi, na hapo umati wote unainuka kushuka mjini kwa miguu, hata mabibi wakubwa na mabwana wenye cheo. Watoto wameshika matawi ya mitende na ya mizeituni, na wasioweza kutembea wamebebwa na wazazi wao. Wanakwenda polepole, anaandika Egeria, watu wasije wakachoka. Wanafika kanisani giza likiwa limeingia, na bado wanasali kabla ya kuagana.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kugeuza saa hizo. Egeria alihesabu saa kuanzia macheo, kama walivyohesabu Wainjili na kama tunavyohesabu sisi. Tunaposoma kwamba giza liliifunika nchi tangu saa sita hata saa tisa, tunajua jua liko wapi, na anayeingia kanisani saa tisa alasiri siku ya Ijumaa Kuu anaingia kwa saa ileile.

Na sijui ukurasa wa historia ya ibada unaonigusa kuliko ule alioandika kuhusu Ijumaa hiyo. Askofu ameketi, mbele yake meza iliyotandikwa kitambaa. Analetewa kasha la fedha lililopakwa dhahabu, linafunguliwa, na mti wa Msalaba unawekwa mezani. Askofu anaukamata kwa mikono yake miwili ncha hii na ncha ile, na mashemasi wamesimama kuulinda. Watu wanapita mmoja mmoja, wanainama, wanaugusa kwa paji la uso, kisha kwa macho, halafu wanaubusu. Hakuna anayeruhusiwa kuugusa kwa mkono. Egeria anaeleza sababu ya ulinzi huo: wanasema zamani mtu mmoja aliuma kipande cha mti huo akaondoka nacho mdomoni. Kuanzia saa sita hadi saa tisa watu wanasimama uani, penye jua na mvua, wakisomewa masomo ya mateso, na hakuna mkubwa wala mdogo asiyelia.

Kwaresima ya Yerusalemu ilikuwa ya majuma 8, kwa sababu hawakufunga Jumamosi wala Jumapili, isipokuwa Jumamosi moja tu ya mkesha wa Pasaka. Waliotaka ubatizo waliandikishwa majina mwanzoni, majirani wakaulizwa habari zao: je, huyu anawaheshimu wazazi, ni mlevi, ni mwongo? Kisha askofu aliwafundisha kila siku muda wa saa tatu. Alisema Kigiriki, na kasisi akatafsiri kwa Kisiria kwa ajili ya wenyeji. Waliojua Kilatini tu walikuwa na ndugu wa kuwafafanulia. Kabla mwaka wa Kanisa haujakamilika, tayari ulikuwa na wakalimani.

Mambo mengi tunayoyafanya leo katika Juma Kuu yalitoka kwenye mitaa hiyo. Ilikuwa hivi: watu wanaoishi karibu na mahali fulani walitaka kuwa hapo, siku ileile na saa ileile, nao wageni waliokuja kuwaona wakarudi makwao wakafanya vivyo hivyo kwa matawi ya miti ya kwao na vilima vya kwao. Maandishi ya Egeria yenyewe yalipotea kwa karne nyingi, mpaka nakala isiyo na mwanzo wala mwisho ilipopatikana Arezzo, Italia, mwaka 1884. Alichokiona kilikuwa kimekwisha kufika kila mahali bila kitabu chake.

Lakini kabla ya kukubaliana jinsi ya kuadhimisha, ilibidi Wakristo wakubaliane lini, na hapo pana kisa ambacho ningependa kila mwalimu wa katekesi akijue. Yapata mwaka 155, Polikarpo, askofu wa Smirna, akiwa mzee sana, alisafiri hadi Roma kuonana na Papa Aniceto. Wakristo wa Asia Ndogo waliadhimisha Pasaka siku ya 14 ya mwezi wa Kiyahudi, iwe ni siku gani ya juma. Roma waliadhimisha Jumapili. Wazee wale wawili walizungumza, na hakuna aliyemvuta mwenzake. Ndipo Aniceto akamwachia Polikarpo aongoze Ekaristi katika kanisa la Roma, wakaagana kwa amani. Miaka kama 35 baadaye Papa Vikta alitaka kuyatenga makanisa ya Asia kwa jambo hilohilo, na Ireneo wa Lyon akamwandikia kumkumbusha habari ya wale wazee.

Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliamua Pasaka iwe Jumapili moja kwa wote. Kanuni iliyoenea baadaye inajulikana: Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa majira yale ya Machi ambapo mchana na usiku hulingana. Kwa hiyo Pasaka haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Naomba msomaji aishike hiyo tarehe ya mwisho. Kazi ya kukokotoa ilikuwa hasa ya Aleksandria, mji wa wanajimu na wanahesabu, huku kwetu Afrika. Kila mwaka askofu wa mji huo alituma barua ya kutangaza mwanzo wa mfungo na siku ya Pasaka. Atanasi, aliyefukuzwa katika kiti chake mara 5, aliendelea kuzituma miaka ya tabu. Katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 aliorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile 27 tulivyo navyo leo. Orodha hiyo ilisafiri ndani ya tangazo la sikukuu.

Majira mengine yalifuata taratibu. Noeli ya tarehe 25 Desemba inaonekana kwanza katika kumbukumbu za Roma za mwaka 336. Mashariki walikuwa wakiishika zaidi Epifania, tarehe 6 Januari. Majilio yalianzia Gallia, nchi ambayo sasa ni Ufaransa, kama mfungo uliohesabiwa tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 alirekebisha kalenda iliyokuwa imechelewa nyuma ya jua, na tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na tarehe 15. Tangu hapo Waorthodoksi na Wakristo wa magharibi mara nyingi hukosana siku ya Pasaka. Mwaka 2025, miaka 1,700 baada ya Nikea, wote waliiadhimisha tarehe 20 Aprili.

Sasa njoo pwani yetu.

Meli za Vasco da Gama zilikuwa na kalenda ndani yake. Tarehe 25 Desemba 1497 zilikuwa zikipita ufuko wa kusini-mashariki mwa Afrika, mabaharia wakauita Natal, yaani Noeli, na jina limebaki. Jumamosi tarehe 7 Aprili 1498 zilitia nanga mbele ya Mombasa. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Walikuwa wameambiwa mjini mna Wakristo, wakatumaini kushuka na kusikiliza misa pamoja nao. Jumapili ile Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa mengi, malimau na miwa. Mwandishi wa shajara ya safari aliyaandika hayo yote.

Aliandika pia yaliyofuata. Katika Juma Kuu hilohilo wenyeji na wageni walianza kushukiana. Usiku mmoja nahodha mkuu aliwahoji mateka wawili Waislamu waliokuwa melini kwa kuwamwagia mafuta yanayochemka mwilini, ili waseme kama kuna hila. Meli ziliondoka Mombasa Ijumaa asubuhi, tarehe 13 Aprili. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Jumamosi, mkesha wa Pasaka, waliteka chombo baharini pamoja na watu waliokuwamo, na jioni hiyo wakafika mbele ya Malindi. Pasaka yao ya mwaka 1498 ilikuwa hapo, nje ya mji, wakiwa na mateka melini.

Nimeisoma sehemu hiyo nikiwa na tarehe za Juma Kuu pembeni, na nadhani kila Mkristo wa pwani angefanya vema kuisoma hivyo. Watu wale walijua siku. Walijua ni Juma la mateso ya Bwana, na mwandishi wao anazitaja sikukuu bila kukosea. Mafuta yakachemshwa katika juma lile. Kujua tarehe ya Pasaka ni jambo moja, kuiingia Pasaka ni jambo jingine, na pwani hii ilifundishwa la kwanza bila la pili.

Ngome ya Yesu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1593, na mapadre Waaugustino wakafungua nyumba yao mjini. Kulikuwa na misa, maandamano na kengele. Kulikuwa pia na mtoto mmoja wa kifalme, Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani wa Mombasa na Malindi, aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana na maofisa wa Kireno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na Waaugustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, na mwaka 1626 akarudishwa kutawala. Inasimuliwa kwamba alikuwa akienda usiku kwenye kaburi la baba yake na kuswali kwa Kiislamu, na kwamba kapteni wa ngome alipata habari hiyo. Katikati ya Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Chingulia aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba amekuja kumsalimia kapteni kwa ajili ya sikukuu. Akamuua. Siku zilizofuata Wakristo wengi wa Mombasa waliuawa, Wareno na Waafrika, mapadre na walei, wanawake kwa wanaume. Wengi walipewa nafasi ya kuikana imani wakakataa. Muda mfupi baadaye Kanisa la Goa lilikusanya ushuhuda wao ili watambuliwe kuwa mashahidi.

Kwa mashahidi hao nina heshima isiyo na masharti, hasa kwa Waafrika walioweza kujiokoa kwa neno moja wakalinyamazia. Lakini siwezi kumtazama mtoto yule aliyepelekwa Goa bila kuona kwamba sikukuu ya Mama wa Mungu ilikuwa imewekwa juu ya kaburi la baba yake, na hakuna aliyemuuliza. Waomani waliitwaa Ngome Desemba 1698, baada ya kuizingira karibu miaka 3. Kengele zikanyamaza. Karne moja na nusu ikapita. Kalenda iliyoshuka pamoja na mizinga iliondoka nayo.

Iliporudi, ilirudi na watu wa namna nyingine. Padre Fava na wenzake walifika Unguja Desemba 1860, siku chache kabla ya Noeli, wakitokea kisiwa cha Réunion. Baadaye Mapadre wa Roho Mtakatifu walishika kazi hiyo, na mwaka 1868 wakahamia pia Bagamoyo, wakajenga kijiji cha waliokombolewa utumwani. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipofikishwa tarehe 24 Februari 1874, siku 6 baada ya Jumatano ya Majivu. Waliouleta ni Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, baada ya kutembea miezi mingi kutoka Chitambo, ambako waliuzika moyo wake chini ya mti. Kwaresima ya Bagamoyo mwaka ule ilianza kwa kuwapokea Waafrika waliokuwa wamebeba maiti ya rafiki yao kuvuka nusu ya bara, bila mtu kuwaamuru. Sikumbuki mahubiri ya Kwaresima yanayozidi hayo.

Unguja nako, soko la watumwa lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Misheni ya Vyuo Vikuu, ya Waanglikana, ilipata kiwanja cha soko lenyewe pale Mkunazini, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Noeli ya mwaka huohuo. Siku hiyo haikuwa ya bahati nasibu. Mahali ambapo miezi sita nyuma watu walipangwa mistari, wakafunguliwa vinywa kutazamwa meno na kukimbizwa mbele ya wanunuzi ili waonekane wana nguvu, sasa palitangazwa kuzaliwa kwa mtoto aliyelazwa horini kwa kukosa nafasi. Askofu Edward Steere aliisimamia kazi ya ujenzi mwenyewe kama msimamizi wa mafundi. Paa lake la kuba, la saruji na matumbawe yaliyosagwa, lilitiliwa shaka na wengi, na bado liko juu hadi leo. Altare, wasimuliavyo wenyeji, iko mahali palipokuwa nguzo ya kuchapia. Ndani umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo. Steere alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Waliojaza kanisa lile walikuwa hasa watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa: vijana wa shule ya Kiungani, wasichana wa shule ya Mbweni, watu wazima waliopewa viwanja Mbweni wakalime. Wayao, Wanyasa, Wamakua, kila mmoja na lugha yake, wakaunganishwa na Kiswahili. Wengi hawakujua walizaliwa siku gani wala mwaka gani. Wafanyabiashara walikuwa wamewanyang'anya hata hesabu ya siku zao. Basi fikiria maana ya kupewa mwaka mpya wenye majira: majuma ya kungoja, usiku wa kushangilia, siku 40 za kufunga, siku 50 za furaha. Steere aliwatafsiria Kitabu cha Sala na sehemu kubwa ya Biblia, akazichapa Unguja pamoja na vijana wa shule waliojifunza kupanga herufi. Mmoja wa waliokombolewa, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Mwingine, Cecil Majaliwa, akapewa upadre mwaka 1890, akaenda kuwahudumia Wayao wenzake bara. Hapo mwaka wa Kanisa uliota mizizi, kwa kuwa waliokuwa wakiufuata walikuwa na la kukumbuka. Pasaka ni habari ya waliotolewa utumwani, na Mkunazini hakuna aliyehitaji kuelezwa hilo kwa mfano.

Ni haki kusema pia kwamba mwaka huo ulikuja na ukungu wa huko ulikotoka. Kwa Wakatoliki ibada ilikuwa ya Kilatini. Mkesha wa Pasaka, ambao enzi za Egeria ulikuwa usiku kucha, ulikuwa umesogezwa katika Kanisa la Kilatini hadi Jumamosi asubuhi, hata moto mpya uliwashwa jua likiwa limekwisha panda. Hivyo ndivyo ulivyoletwa kwetu, na hivyo ndivyo mababu zetu wa Bagamoyo walivyouona: mwanga wa mshumaa mkubwa mbele ya jua la pwani. Papa Pio wa 12 aliurudisha mkesha usiku mwaka 1951. Lugha za watu ziliruhusiwa kwa uamuzi wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliotolewa tarehe 4 Desemba 1963. Wazee walioishi mabadiliko hayo wanasimulia usiku wa kwanza wa kusikia sifa ya mshumaa wa Pasaka ikiimbwa kwa Kiswahili gizani, na sauti zao hubadilika wanaposimulia.

Majira ya nchi nayo yalikuwa na neno lake. Ulaya Pasaka huja theluji ikiyeyuka na maua yakitoka. Huku huja na masika. Katika mikoa yetu yenye msimu mmoja wa mvua, Dodoma, Songea, Iringa, Kwaresima huangukia miezi ambayo ghala zimepungua na mahindi shambani bado hayajakomaa. Mama wa Songea anayepakwa majivu mwezi Februari huenda tayari anapunguza unga wa ugali ili watoto wafike mavuno. Kanisa linamwambia afunge. Nadhani yeye ndiye anayeweza kulieleza Kanisa mfungo ni nini, na mapadre wenye busara hukaa wakamsikiliza. Kisha Jumapili ya Matawi anakuja na jani la mkindu alilokata mwenyewe alfajiri, limelowa mvua. Hulitundika juu ya mlango mwaka mzima, na mwaka unaofuata hulirudisha lichomwe, liwe majivu.

Imebaki habari ya Namugongo, huko Uganda, na hapa narudi kwenye ile tarehe.

Wamisionari Waanglikana na Wakatoliki waliofika Buganda mwishoni mwa miaka ya 1870 walipitia pwani yetu na kutumia kwanza Kiswahili, lugha iliyojulikana katika ikulu ya Kabaka Mutesa kwa sababu ya biashara. Mmisionari Alexander Mackay alifundisha kwa kutumia Injili za Kiswahili za Steere, zilizotoka Unguja. Wamisionari Wakatoliki, yaani Mapadre Weupe, waliondoka Buganda mwaka 1882 wakaenda kukaa Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, wakarudi mwaka 1885. Miaka hiyo mitatu waumini wao waliendelea wenyewe, wakikutana kwa siri chini ya viongozi walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Mathia Mulumba. Hawakuwa na padre wala kengele. Walifundishana, wakasali, na idadi yao ikaongezeka.

Balikuddembe aliuawa Novemba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, baada ya kumlaumu kwa kumuua Askofu Hannington wa Waanglikana na kwa kuwataka vijana wa ikulu kwa mambo machafu. Mwaka uliofuata, 1886, Pasaka ilichelewa kadiri inavyoweza kuchelewa. Ilikuwa tarehe 25 Aprili. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa tarehe 25 Mei, Munyonyo, vijana wa ikulu waliona kifo kinakuja, na Karoli Lwanga akawabatiza waliokuwa bado wakatekumeni, akiwemo Kizito, mvulana mwenye miaka kama 14. Asubuhi yake walihukumiwa. Wakafungwa kamba na kutembezwa hadi Namugongo, wengine wakauawa njiani. Huko walisubiri karibu juma zima, miguu katika pingu, wakati kuni na matete vikikusanywa. Mukajanga, mkuu wa wauaji, alikuwa na kijana wa nyumbani kwake kati yao, Mbaga Tuzinde, akambembeleza akubali kufichwa. Kijana alikataa.

Walichomwa Alhamisi tarehe 3 Juni. Ilikuwa siku ya 40 ya Pasaka, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Karoli Lwanga alichomwa kwanza, peke yake, kwa moto wa polepole. Wenzake wakafuata, kila mmoja akiwa amefungwa ndani ya tita la matete, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja. Kwa jumla, kati ya 1885 na 1887, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wanakumbukwa kuwa waliuawa kwa ajili ya imani. Polikarpo na Aniceto walishiriki altare moja bila kukubaliana tarehe. Hawa walishiriki kuni.

Hesabu za mwezi zilizoanzia Aleksandria, zikarekebishwa mwaka 1582, ndizo zilizoipeleka Pasaka ile hadi tarehe 25 Aprili na Kupaa hadi tarehe 3 Juni. Hakuna aliyepanga. Mwanga hakuwa na kalenda ya Kanisa mkononi, naye aliamua kwa hasira zake na kwa hofu zake. Lakini siku ile ikapata watu wake, na Kanisa zima halikuweza tena kuisahau. Papa Paulo wa 6 aliwatangaza watakatifu Wakatoliki 22 tarehe 18 Oktoba 1964, akiwataja kwa heshima na Waanglikana pia. Kalenda ya Roma ilipopangwa upya mwaka 1969, tarehe 3 Juni ikawa siku yao kwa Wakatoliki wote duniani. Julai 31 ya mwaka huohuo Papa alitua Uganda, na siku mbili baadaye akaenda Namugongo mwenyewe. Barua zilizotoka Aleksandria kwenda Ulaya zilikuwa zimejibiwa kutoka upande mwingine wa Afrika.

Kila mwaka, mwishoni mwa Mei, watu huonekana kando ya barabara za Uganda wakitembea vikundi vikundi, rozari mkononi, viatu vimetoboka. Wanatoka Masaka, Fort Portal, Gulu. Wengine wanatoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Wapo wanaotembea zaidi ya majuma mawili. Hulala katika makanisa na shule za njiani, wenyeji huwapa maji na ndizi, na wanapoingia Namugongo wazee huwa mbele ili mwendo usiwe wa haraka. Egeria angewatambua.

Tangu mwaka 1886 Pasaka imeangukia tarehe 25 Aprili mara moja tu, mwaka 1943, wakati wa vita. Itaangukia tena mwaka 2038. Mwaka huo siku ya 40 ya Pasaka itakuwa Alhamisi tarehe 3 Juni, na Kupaa kwa Bwana na siku ya Mashahidi wa Uganda zitakutana kama zilivyokutana siku ile ya moto. Watoto wanaopata Komunyo ya kwanza katika parokia zetu sasa watakuwa vijana wenye nguvu za kutembea. Waambiwe mapema, na njia waanze kuizoea.